Sakafu Iliyoishia Hatua Moja Kabla ya Mlango

Ninyi vijana mnaotandika sakafu siku hizi mna bahati na mna taabu. Bahati ni mashine. Taabu ni hiyo plastiki mpya inayoletwa kwa makatoni, imekatwa vipande virefu kama mbao na kuchorwa hadi vifundo vya mti. Juzi kijana mmoja wa atelie, karakana ya hapa mtaani, alinijia na vipande viwili, kimoja cha mbao ya kambala ya kweli, kimoja cha plastiki. Akaniambia, "Mama Salima, funga macho, tuone kama utajua." Nikafunga macho, nikavua kandambili, nikakanyaga kimoja, nikakanyaga kingine, nikamwonyesha. Alinikodolea macho. Alitegemea nitagusa kwa kidole, kama wanavyogusa wateja dukani.

Mnaniuliza kila mara: mbao au plastiki? Mnataka nijibu kwa neno moja ili mkamwambie mteja. Sina neno moja. Nina habari ya sakafu mbili nilizozitandika katika chumba kimoja, nyumbani kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto mbele ya Kindu, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire, na moja kati ya hizo mbili nilikosea.

Sikuanza na nyundo. Nilianza kwa magoti. Niliacha shule mwaka wa tano wa primeri, baba alipokufa. Hakuna aliyenifukuza. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu kulikuwa na Ramazani na Mwamini, na mama alikuwa ameshaanza kukohoa. Kila asubuhi nilivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kwetu, nikaenda kupaka sire, nta ya kung'arishia, kwenye sakafu za mbao za nyumba kubwa za ng'ambo, zile zilizojengwa na Wabelgiji.

Siku ya kwanza nilifikiri sire ni kama mafuta ya mwilini, ukizidisha unapendeza zaidi. Nikamaliza kopo zima katika salon, sebule moja tu. Jioni patro, bwana mwenye nyumba, alipokea wageni, na mmoja wao, mtu mnene wa chama mwenye beji kifuani, aliingia kwa mwendo wa kuhutubia. Akasafiri toka mlangoni mpaka chini ya meza bila kunyanyua mguu. Yeye, akiwa bado amelala pale chini, akauliza, "Ni sitwayeni gani alifanya salongo humu ndani?" Sitwayeni ni mwananchi, ndivyo tulivyoitwa sote wakati ule, na salongo ilikuwa ile kazi ya lazima ya kusafisha mji. Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Alicheka, Mungu amrehemu, na mimi nikabaki na kazi yangu. Mbao ya zamani inataka sire kidogo na mkono mwingi. Andikeni hilo.

Katika nyumba mojawapo ndipo nilipokutana na Papa Sefu, fundi seremala, mtu wa swala tano na kofia iliyopauka kwa vumbi la mbao. Alikuja kutafuta mbao zilizolegea. Aligonga huku na huku kwa ngumi, akisikiliza. Mimi nilikuwa chini na kitambaa changu. Nikamwambia, "Papa, ile ya tatu toka dirishani, na hii hapa, na ile iko chini ya kabati."

"Umejuaje?"

"Goti langu linacheza nikifika pale."

Akagonga ya tatu, akagonga zile nyingine. Zote zilicheza. "Kesho usilete kitambaa," akasema. "Leta hilo goti."

Ndivyo nilivyoingia ufundi. Watu walimcheka, mwanamke na nyundo wapi na wapi. Papa Sefu aliwajibu kwamba bado hajasikia msumari ukilalamika.

Alinifundisha mengi ambayo hamtayapata kwenye katoni. Mbao zikifika, zilaze ndani ya nyumba zitakamokaa, wiki tatu, zizoee hewa ya pale kabla hujapiga msumari. Chovya ncha ya msumari kwenye mawese, kambala haitapasuka. Ukutani acha nafasi ya kidole, kwa kuwa mvua za Kindu zitazinenepesha mbao, na zikikosa mahali pa kwenda zitanyanyuka katikati kama mgongo wa paka. Ukitaka kujua kama sakafu ya simenti inakunywa maji, funika sufuria juu yake, uifunue kesho yake. Ukikuta matone ndani ya sufuria, usitandike chochote, rudi nyumbani.

Lino nayo, ile mama ya plastiki yenu, aliifundisha kwa uso wa mtu anayemeza dawa. "Ile ni karatasi yenye kujidai," alisema. Lakini alinifundisha vizuri. Ikunjue juani isahau kwamba ilikuja imeviringwa. Chini yake pawe sawa kama meza, maana lino inatangaza kila kilicho chini yake. Punje moja ya mchanga inaonekana kama jino. Na sisemi uongo, kuna mahali inashinda mbao. Chumba cha mgonjwa, chumba cha mtoto anayekojoa, jikoni. Inafutika, hainywi harufu. Muiheshimu pale inapostahili.

Sasa nyumba yetu.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, chumba kimoja kikubwa na sehemu ya kulala nyuma ya pazia. Mlango wa mbele kwa njia, mlango wa nyuma kwa jiko. Chini ni udongo, ambao mama aliusiliba kwa mkono kila mara ulipochakaa. Mdogo wetu wa mwisho, Mwamini, alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka sita. Mimi wakati huo nilikuwa natoka alfajiri na kurudi jua linazama, kwa hiyo sikumwona akijifunza kutembea upya. Niliona tu kwamba amejifunza. Alitoka kitandani akaenda mlangoni, akarudi kwenye mtungi, akachota maji, akapitia mlango wa nyuma kwenda jikoni, hata kuta hakuzigusa. Wageni walikaa nusu saa kwetu kabla ya kugundua kwamba haoni. Nilifikiri ni akili yake. Nilijivuna kwa majirani.

Mama alikufa nilipokuwa na miaka kumi na minane. Alichoniachia ni neno moja, "Musiachane." Ramazani alikuwa shuleni, Mwamini alikuwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa na nyundo.

Mwaka ule biashara za wageni zilipopewa wananchi, mwenye duka mpya alituita. Nyumba aliyoipata pamoja na duka ilikuwa na sakafu ya kambala, rangi ya asali iliyoiva, mti ambao mchwa wanaupita kando. Akasema, "Tosheni, ng'oeni hizi zote. Nataka lino. Hizi mbao zinalia kama wazee."

Papa Sefu akamwambia, "Mukubwa, zinalia sababu misumari imechoka. Nipe siku mbili."

"Mimi nasema lino, sitwayeni. Na maua mekundu."

Tukaing'oa. Papa Sefu alizitoa mbao moja moja bila kuvunja hata ulimi mmoja wa kuungia, akazipanga uani. Tukatandika lino ya maua mekundu, na kipande kirefu kilichobaki mwenye duka akanipa mimi. Nilikivusha mto kichwani, watu kwenye pirogi wakiuliza kama nimebeba zulia la gavana.

Nilijua lino juu ya udongo si kazi nzuri. Unyevu utapanda. Lakini nilikuwa nimepaka sire sakafu za watu miaka na miaka, na nilitaka nami nifungue mlango wangu kitu king'ae. Siku ile Mwamini alikuwa kwa bibi jirani akimenya karanga. Nilitaka kumshtua kwa furaha.

Kwenye udongo wetu kulikuwa na matuta madogo. Moja refu, unene wa kidole, lilitoka kitandani likaenda mpaka mlangoni. Jingine duara karibu na mtungi. Mengine matatu mafupi kuelekea mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeyaona miaka yote. Nilifikiri ni mkono wa mama uliochoka, mgonjwa anayesiliba bila nguvu. Nikachukua jembe, nikayaparua, nikasawazisha, kama Papa Sefu alivyonifundisha. Nikatandika. Kipande hakikufika mlangoni, kilipungua hatua moja. Pale sikuparua.

Ramazani akaenda kumleta Mwamini. Akaingia, akakanyaga ile hatua ya udongo, akakanyaga lino, akasimama.

"Yaya," akaniita, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "hii ni nyumba ya nani?"

Ramazani akacheka. Mimi pia nilicheka. Mwamini akapiga hatua tatu, akapiga nyingine, akagonga mtungi, ukavunjika, maji yakajaa juu ya maua mekundu, naye akateleza akakaa ndani yake. Hakulia. Alipapasa chini kwa mikono miwili, huku na huku, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Laini ya mama iko wapi?"

"Laini gani?"

"Ile ya kwenda mulangoni. Na ile duara. Na vidole vitatu vya kwenda jikoni." Akageuza uso kunielekea. "Yaya, hukuijua? Mama alifanya kwa ajili ya miguu yangu. Nilizani wote munajua."

Sijui kama mnaelewa kilichokuwa kimenipata. Mama, akiwa mgonjwa, hana wa kumsaidia mchana kutwa, alimchorea mtoto wake njia kwenye udongo, akaifanya upya kila aliposiliba. Hakutangaza kwa mtu. Na mimi, mtu wa kujua sakafu, mwenye goti la kusifiwa, niliiparua kwa jembe asubuhi moja nikiimba.

Kesho yake nilitoa lino. Nikaleta udongo, nikatengeneza matuta, nikapima kwa kumbukumbu. Siku ya nne yalimeguka chini ya miguu. Mama alikuwa na mchanganyiko wake, udongo wa kichuguu na majivu na kitu kingine, na hakuna aliyekijua. Nikarudia, yakameguka tena. Nilikuwa nimechimbua ngozi ya juu ambayo mkono wake uliishindilia kwa miaka, chini yake palibaki vumbi tu. Mwamini alianza kukaa kitandani. Nikirudi kazini nilimkuta pale nilipomwacha, maji hajanywa, kwa kuogopa kugonga kitu.

Ndipo Shangazi akaja kutoka Kampene. Alikaa siku mbili, akatazama. Hakuwa mtu mbaya, naomba mumwelewe. Aliniita nje.

"Salima, wewe uko kazini, Ramazani iko masomoni. Mutoto anashinda peke yake kama furushi. Nitamuchukua."

"Shangazi, alikuwa anatembea."

"Sasa hatembei. Kwangu kuko watu mchana kutwa. Nitarudi Idi. Umutayarishie nguo zake."

Idi ilikuwa imebaki miezi miwili na siku kidogo. Nikaenda kwa Papa Sefu, nikamweleza yote, hata jembe. Alisikiliza akiisugua kofia yake. Hakunisuta. Akasema tu, "Zile kambala, jamaa amezichoma?"

Alikuwa ameanza. Mbao za mwanzo zilishapikiwa maharagwe. Tulimkuta mlinzi ameshika shoka, na mwenye duka, alipoona fundi na kofia yake mkononi, akasema, "Chukueni hizo kuni, zinanizibia ua." Tulizivusha kwa pirogi safari nne. Papa Sefu alikaa juu yake njia nzima asije mtu akaweka kikapu cha samaki.

Wiki tatu zililala ndani ya nyumba. Mwamini alilala kando yazo, akizipitishia vidole. Alizihesabu, akajua kila moja kwa vifundo vyake.

Siku ya kutandika tukagombana, mimi na mwalimu wangu, kwa mara ya kwanza. Mnajua kanuni: mbao zinafuata mwanga, zinatoka dirishani kwenda ndani, ili viungo visionekane. Papa Sefu alikuwa ameshapiga uzi kutoka dirishani. Nikautoa. Nikaupiga kutoka kitandani kwenda mlangoni.

"Ukifanya vile viungo vyote vitaonekana," akasema. "Mwanga utavikata kila kimoja. Muntu akiingia atafikiri ni kazi ya mwanafunzi."

"Papa, mwanga hauna kazi kwa Mwamini. Viungo ndiyo anavitaka."

Halafu alifanya kitu ambacho sijamwona fundi mwingine akikifanya mpaka leo. Akavua viatu, akafunga macho, akatembea chumba kizima, mikono mbele, akagonga ukuta, akageuka, akagonga kitanda. Aliporudi, jasho likimtiririka, akaanza kutoa amri kama kawaida yake.

Mbao za njia ya mlangoni tuziache tupu chini, juu ya vipande vya mti vya kubebea, zilie kama ngoma. Pembeni pote tujaze mchanga mkavu chini, sauti ife. Kwenye mtungi mpya mbao zigeuke, zilale kukata njia, mguu ujue umefika. Kuelekea mlango wa nyuma, vichwa vya misumari mitatu vibaki nje kidogo, vimesuguliwa mviringo visichubue. Kila alipogonga, Mwamini aliyekuwa amekaa kwenye ile hatua ya udongo mlangoni alisema, "Hiyo ndiyo," au, "Hiyo inasema uongo, papa." Na ile iliyosema uongo ilitolewa ikatandikwa upya. Papa Sefu alinong'ona kwamba miaka thelathini hajapata mkaguzi mkali namna hii, hata mzungu.

Siku ya tano tukafika karibu na mlango. Ilibaki hatua moja. Papa Sefu akachukua mbao iliyofuata, akaipulizia vumbi. Mwamini hakusogea. Mguu wake ulikuwa umelala juu ya ule mwisho wa tuta, kipande nilichoacha kukiparua kwa kuwa lino haikukifikia. Ulikuwa unakwenda na kurudi juu yake, polepole, kidole gumba mbele.

Hakuomba kitu. Hata sina hakika kama alijua tunamtazama.

"Papa," nikasema, "imetosha."

Akatazama mbao mkononi mwake, akatazama ule mguu. "Watu watasema Sefu hajui kupima."

"Nitasema nilipima mimi."

"Sema hivyo," akajibu, akaiweka mbao chini. Kisha akapiga randa ukingo wa mwisho, akauzungusha laini, ili mguu ukishuka pale usijikwae. Alitumia muda mwingi kwenye ukingo ule kuliko sakafu nzima.

Idi ilipofika, Shangazi alikuja na mfuko wa kubebea nguo za mtoto. Akapiga hodi. Mimi nilikuwa nyuma jikoni, na kijiko mkononi. Nilimsikia Mwamini akitoka kitandani. Ngoma ya mbao tupu, hatua kwa hatua. Akageuka kwenye mtungi, kimya cha mchanga, sauti ya kata ikizama. Kisha ngoma tena. Niliposogea kuchungulia alikuwa amefika mwisho wa mbao, na kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Mguu ukashuka, ukagusa udongo, ukatulia kidogo pale.

"Karibu, Shangazi," akasema. "Idi njema. Kunywa maji, umetoka mbali."

Shangazi alikunywa yote. Aliufuta mdomo kwa pembe ya kitenge na kuangalia chini muda mrefu, ile sakafu ya asali yenye viungo vinavyoonekana vyote, kisha pale ilipokatika.

"Kazi nzuri," akasema. "Mbona imeishia hapa? Mbao zilikwisha?"

"Ndiyo, Shangazi," nikajibu mimi. "Zilikwisha."

Alikaa siku tatu. Akarudi Kampene na mfuko mtupu, nasi tukabaki watatu.

Basi mteja akikuuliza mbao au plastiki, usikimbilie bei wala rangi. Muulize kwanza ni nani anayekaa nyumbani mchana kutwa. Kisha vua viatu ukatembee mwenyewe.

Watu wengi wameingia nyumba ile tangu wakati huo, na mafundi miongoni mwao, na karibu kila mmoja ameniuliza swali la Shangazi. Nami huwajibu vilevile, nao hunionea huruma kidogo, fundi mzima kupungukiwa mbao nyumbani kwake. Zilikuwa zimebaki tatu, nyuma ya nyumba. Papa Sefu alitufanyia benchi kwa mbao hizo. Mwamini na mimi ndipo tunapokaa ninapowaandikia haya, mlangoni, miguu yetu chini, kwenye udongo.